Anayeogopa meli asichekwe, ajibiwe

KATIKA nchi zetu hizi za Maziwa Makuu, ukimwambia jirani kwamba unataka kusafiri kwa maji, hakuulizi unakwenda kutembea wapi. Anakuuliza kuna nini huko utokako. Kwetu sisi chombo cha majini kimebeba wakimbizi, kimebeba wafanyabiashara wa ndagala na mawese, na mara nyingine kimeleta maiti. Kwamba mtu alipe fedha zake mwenyewe, apande meli ili ale, alale, aangalie maji, kisha arudishwe palepale alipoanzia, ni habari ambayo wengi wetu huisikia kama hadithi ya watu waliokosa kazi za kufanya.

Habari hiyo sasa imenifikia mimi. Mdogo wangu, ambaye amekaa Durban, Afrika Kusini, karibu miaka 20 na ambaye Mungu amemjalia kufungua duka, amependekeza kwamba msimu ujao wa sikukuu ndugu tuliobaki tukutane huko. Tena hataki tukutane sebuleni kwake. Anataka tupande meli ya kitalii inayotoka Durban hadi pwani ya Msumbiji na kurudi, safari ya siku nne. Ametuma na picha: bwawa la kuogelea juu ya meli, meza za chakula zisizo na mwisho, wazee wa Kizungu wamejilaza juani.

Niliogopa, na mpaka ninapoandika makala haya ninaogopa. Nilipowasimulia walimu wenzangu walicheka, na mmoja akaniambia, "Mwalimu, papa wa kule hawatakuuliza kama unafundisha jiografia." Nami nilicheka nao. Lakini nilipokaa na kutafakari, niliona kwamba hofu ya msafiri wa mara ya kwanza ni jambo la kuzungumzwa gazetini. Maswali anayouliza mwoga kabla ya kupanda ndiyo maswali ambayo wenye vyombo na wenye mamlaka wanapaswa kuyajibu, iwe ni Durban au hapa Rumonge.

Niseme kwanza hofu yangu imetoka wapi. Mwaka 1996, nikiwa na umri wa miaka 15, tuliondoka Nyanza-Lac usiku kwa mtumbwi wa mvuvi kuelekea Kagunga, upande wa Tanzania. Tulikuwa wengi kuliko mbao za kukalia. Maji yaliingia, tukayachota kwa sufuria ileile tuliyokuwa tumeibeba kwa ajili ya kupikia. Hakuna aliyeandika jina la mtu yeyote. Kama tungezama, wasingejua hata idadi ya kuomboleza. Baadaye nilisoma katika kambi ya Mtabila, Kasulu, nikarudi nyumbani mwaka 2005, na tangu hapo nikienda Kigoma napita barabara ya Mabanda na Manyovu, hata kama boti lingenifikisha mapema. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa tuyapitie maswali yenyewe moja baada ya jingine, maana nimeyauliza kwa bidii, na yapo yenye majibu mazuri.

La kwanza ni karatasi. Mtu aliyewahi kuwa mkimbizi haanzi kuogopa mawimbi, anaanza kuogopa dirisha la uhamiaji. Ukiwa na viza ya Afrika Kusini ya kuingia mara moja tu, kisha meli ikakutoa nje ya nchi hiyo na kukupeleka Msumbiji, kurudi kwako Durban ni kuingia mara ya pili. Kwa hiyo mwenye pasipoti kama yangu ahakikishe mapema kwamba viza yake inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na aulize masharti ya kila bandari meli itakapotia nanga. Wasafiri wenye pasipoti za nchi tajiri hawakumbuki kukuambia jambo hili kwa sababu haliwahusu. Kwetu ndilo la kwanza.

La pili ni kichefuchefu. Hiki husababishwa na ugomvi ndani ya mwili: sikio la ndani, ambalo ndilo linalotunza mizani ya mtu, linasema tunayumba, wakati macho yanayotazama kuta za chumba yanasema tumetulia. Ndiyo maana wazoefu hushauri uchukue chumba cha katikati ya meli na ghorofa za chini, ambako chombo hakichezi sana, na ukizidiwa utoke nje uangalie upeo wa macho. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Vipo pia vidonge, lakini humezwa kabla ya kuanza kuumwa, na mwenye shinikizo la damu au maradhi mengine amwone daktari kwanza.

La tatu ni magonjwa. Watu maelfu wanaokula jikoni moja na kushika vitasa vilevile huambukizana upesi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 dunia nzima iliitazama meli ya Diamond Princess ikiwa imezuiwa Yokohama, Japani, ambako watu zaidi ya 700 kati ya karibu 3,700 waliokuwamo walikutwa na virusi vya corona. Kwa kawaida ugonjwa unaosumbua meli hizi ni wa kuhara na kutapika, na dawa ya kuuzuia ni ile tunayowafundisha watoto wa darasa la kwanza: maji na sabuni. Sisi tuliokaa kambini na kuona kipindupindu hatuhitaji semina ya kunawa mikono.

La nne ni fedha. Hapa napenda wasomaji wawe macho. Neno "kila kitu kimelipiwa" lina mipaka. Chakula na kitanda kwa kawaida vimo, lakini vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu na bakshishi za wahudumu mara nyingi huandikwa pembeni na kudaiwa siku ya kushuka. Ukiugua, daktari wa melini hulipwa, tena si kidogo, kwa hiyo bima ya safari si jambo la kudharau. Na ukishuka bandarini kutembea, ujue saa ya kurudi, kwa sababu meli haina tabia ya daladala ya kumngoja abiria mmoja anayenunua ndizi.

Limebaki la tano, ambalo ndilo lililowafanya walimu wenzangu wacheke: je, ikizama?

Meli za aina hii zimewahi kuzama. Tena moja ilizama katika njia hiyohiyo ya Durban. Agosti 1991 meli ya kitalii ya Wagiriki iitwayo Oceanos iliondoka East London kuelekea Durban wakati wa dhoruba. Maji yaliingia, injini zikazima, umeme ukakatika. Nahodha wake aliondoka abiria wengi wakiwa bado ndani. Walioshika uongozi wa uokoaji ni wanamuziki na watumbuizaji wa meli, watu ambao kazi yao ilikuwa kupiga magitaa. Helikopta za jeshi zikaja kuwavuta watu mmoja mmoja. Meli ilizama Agosti 4, na watu wote 571 waliokuwamo waliokolewa.

Nimekisoma kisa hicho mara kadhaa nikijiuliza ni nini kilichowaokoa. Ukubwa wa meli haukusaidia, maana ilikwenda chini, wala ushujaa wa nahodha haukuwapo. Naona yalikuwapo mambo mawili ya kawaida kabisa. Vilikuwapo vifaa vya kuokolea, na ilikuwapo idadi. Watu walijua walianza wangapi, kwa hiyo waliweza kujua nani bado hajaonekana.

Mambo hayo hayakuja yenyewe, yalinunuliwa kwa roho za watu. Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na watu karibu 2,200, lakini mashua zake za kuokolea zilitosha watu 1,178 tu. Watu wapatao 1,500 walikufa. Miaka miwili baadaye mataifa yaliandika mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, ambao leo hujulikana kwa jina la SOLAS. Januari 13, 2012 meli ya Costa Concordia ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200, na 32 wakafa. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku ileile walikuwa bado hawajaonyeshwa namna ya kujiokoa, kwa sababu kanuni ya wakati huo iliruhusu zoezi hilo lifanyike ndani ya saa 24. Kanuni ikabadilishwa. Tangu mwaka 2015 zoezi hufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kila abiria anaonyeshwa mahali atakapokusanyika, namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea, na sauti ya king'ora cha hatari.

Kwa maneno mengine, yule mtalii aliyejilaza juani kwenye picha za mdogo wangu alikwishaandikwa jina, akahesabiwa, akaonyeshwa jaketi lake na kuambiwa pa kukimbilia kabla hajapewa glasi ya kwanza ya juisi. Hofu yake ilijibiwa na watu wenye wajibu wa kuijibu, hata kama mwenyewe hakuwa na hofu.

Hebu sasa tugeukie kwetu.

Mei 21, 1996 mv Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Mamia kwa mamia ya watu walikufa, na mpaka leo idadi hutajwa kwa kukadiria. Sababu yake ni ya kusikitisha. Orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili, lakini daraja la tatu, la maskini, halikuwa na orodha. Mwenye fedha kidogo alikufa bila kuandikwa. Septemba 20, 2018 kivuko cha mv Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa watu 228. Kujua waliopanda ni wangapi kulikuwa kazi ngumu, kwa sababu mkata tiketi naye alikufa na mashine ya tiketi ikapotea majini. Hesabu ya abiria ilizama pamoja na abiria.

Oktoba 3, 2024 ikawa zamu ya Ziwa Kivu. Boti la mv Merdi lililotoka Minova lilizama mbele ya macho ya watu, likikaribia bandari ndogo ya Kituku, Goma. Lilikuwa limejaa kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara na watu hawakuwa na njia nyingine. Siku zilizofuata kila kiongozi alikuwa na idadi yake mdomoni.

Angalia vizuri mambo haya. Kivuko cha Ukara kilikuwa kimefika. Boti la Kituku lilikuwa linafika. Watu hawakufia katika kina kisichojulikana, mbali na msaada. Walifia mlangoni. Na kila mara, baada ya kilio, tulishindwa kujibu swali jepesi kuliko yote: walikuwa wangapi?

Mimi ni mwalimu. Kila asubuhi naita majina. Darasa langu lina watoto zaidi ya 80, na kazi hiyo hunichukua dakika zisizozidi kumi. Nikimaliza najua nani hayupo, na mchana mzazi akija kuuliza namjibu. Sasa nauliza: ikiwa mwalimu mmoja mwenye chaki na rejista anaweza kuwajua watoto 80, nahodha mwenye abiria 60 anashindwa na nini?

Tena sisi si watu tusiojua kuhesabiwa. Kambini Mtabila tulihesabiwa mpaka tukachoka. Tulipanga foleni juani ili kadi zitobolewe, ili ijulikane nyumba hii ina vinywa vingapi na ipewe mahindi, maharage na mafuta kiasi gani. Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu walipokwama tena kule Kagunga, mv Liemba, meli ile ya Wajerumani iliyoanza kuelea Kigoma mwaka 1915, ilikwenda na kurudi kuwapeleka Kigoma, na walioshuka huko waliandikwa. Maana yake inawezekana. Kinachonisikitisha ni kwamba katika maisha yangu nimehesabiwa nikiwa mkimbizi, lakini nikiwa raia mwenye kitambulisho na nauli mkononi, nikitaka kupanda boti la mbao kwenda Kigoma, Uvira au Baraka, naweza kuondoka bila jina langu kubaki popote.

Mtu anaweza kuniambia kwamba meli ya watalii na boti la ndagala havilinganishwi. Kwamba kule kuna mabilioni, na hapa mwenye boti anatafuta mafuta ya siku. Nakubali kwamba mkataba wa SOLAS uliandikwa kwa ajili ya meli za safari za kimataifa baharini na haulihusu boti la mbao la Rumonge. Lakini katika yale yote niliyoyataja, ni lipi linalohitaji mabilioni? Daftari ni bei ya daftari. Kuwaambia abiria "tukipata tatizo msisimame upande mmoja" hakuna gharama. Jaketi la kujiokolea lina gharama, ni kweli, lakini mwenye boti ananunua injini ya nje na anaitunza kwa miaka. Jaketi nalo ni sehemu ya chombo, kama injini ilivyo.

Wengine watasema ziwa letu ni ziwa tu, si bahari. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Tanganyika ina kina cha takriban mita 1,470, na kwa kina ni ziwa la pili duniani. Upepo wa kusini wakati wa kiangazi unainua mawimbi ambayo wavuvi wa Nyanza-Lac wanayaheshimu kuliko sisi wa nchi kavu tunavyodhani. Asiyejua kuogelea hana tofauti ya bahari na ziwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na ninayaelekeza kwa mamlaka za bandari, kwa vyama vya wenye maboti na kwa sisi abiria.

Kwanza, boti lolote la abiria lisiondoke mpaka majina yaandikwe katika nakala mbili, na nakala moja ibaki nchi kavu. Orodha inayosafiri na boti peke yake haina faida likizama. Pili, idadi ya mwisho ya abiria ichorwe ubavuni mwa boti kwa rangi na tarakimu kubwa, ili hata mama anayeuza maandazi ufukweni aweze kuona kwamba imepitwa. Tatu, jaketi livaliwe, lisifungiwe kwenye sanduku. Nne, nahodha awaambie abiria maneno machache kabla ya kuwasha injini: mzigo uko wapi, nani akae wapi, na likitokea la kutokea wafanye nini.

Nasi abiria tuache tabia ya kumzomea anayeuliza. Nimewahi kumwona kijana akishuka botini kwa sababu limejaa, na wenzake wakamwita mwoga. Yule kijana alikuwa amefanya hesabu ambayo nahodha hakuifanya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa upande wa maji, ukuta wenyewe huwa ni safu ya makaburi.

Limebaki swali moja ambalo mama mmoja wa jirani yangu aliniuliza kwa upole: je, ni halali mwalimu wa nchi kama yetu kwenda kustarehe juu ya maji, wakati wanafunzi wake wanakaa watatu watatu kwenye dawati? Nilimheshimu kwa swali hilo, na jibu langu ni hili. Fedha ni ya mdogo wangu, naye ameitolea jasho. Ndugu zangu na mimi tumesafiri sana maishani, lakini hatukuwahi kusafiri pamoja tukiwa na hakika ya siku ya kurudi. Sioni dhambi katika kutaka kulijua jambo hilo tukiwa hai.

Kwa hiyo nimeanza kufuatilia viza, na nimeeleza wazi kwamba nataka ya kuingia zaidi ya mara moja. Nikipanda nitakwenda kwenye lile zoezi la jaketi kabla ya kuangalia chumba, nitasoma kila kibao, na nitauliza maswali mpaka wahudumu wanichoke. Nikirudi nitawaeleza wanafunzi wangu nilichokiona, na hasa namna walivyotuita majina.

Lakini wengi wanaosoma gazeti hili hawatakwenda Durban. Watashuka ufukweni wiki hii wakiwa na magunia na watoto mgongoni. Wao ndio wanaohitaji daftari, jaketi na nahodha anayesema neno kabla ya kuondoka. Hawahitaji kungoja meli kubwa wala mfadhili. Boti linaloondoka Rumonge kesho alfajiri linaweza kuanza kwa kuita majina.